Batri ya mashine ya majani isigeuke moto ndani ya hema

Mvua ikinyesha Bunia, majani hayangoji mtu. Parokia, shule na vituo vya afya vinahitaji kiwanja safi, na kijana aliyekimbia vita na kufikia Kigonze akiwa na mashine ya kukata majani anaweza kuleta unga nyumbani bila kuomba. Kazi hiyo ni ya heshima, na fundi anayefufua mashine kuukuu ili ifanye kazi kwa batri anastahili pongezi.

Sababu ya kuibadilisha inaeleweka. Mashine ya waya inataka volti 220, na umeme huo si wa kila mtaa. Tena waya mrefu juu ya majani yenye maji ni hatari: kisu kikiugusa, mtu anaweza kufa hapo hapo. Ile ya batri mara nyingi inauzwa batri yake ikiwa imekufa. Basi fundi anaifungua na kuunga batri ya moto au ya sola.

Taabu inaanza na maneno haya: « Batri ni volti 12 tu, haiui mtu. » Ni kweli volti 12 hazimrushi mtu. Lakini zinaunguza. Mashine ya wati 240 ikitumia volti 220 inavuta kama ampea 1. Ikitumia volti 12, kazi ile ile inavuta ampea 20. Waya mwembamba wa taa hauwezi kubeba mzigo huo. Unapata joto, plastiki inayeyuka, nyaya mbili zinagusana. Hema la turubai, godoro na nguo haviwezi kungoja maji yaletwe.

Kwa hiyo fyuzi si pambo. Inapaswa kukaa karibu kabisa na upande wa plus wa batri, na waya uwe mnene na mfupi. Kuweka fyuzi kubwa kwenye waya mwembamba ni kujidanganya, maana waya utawaka kabla fyuzi haijakatika.

Volti nazo ziheshimiwe. Mashine iliyoandikwa volti 18 haikubali batri mbili za 12 zilizoungwa kwa mstari, kwa sababu zikijaa zinapita volti 25. Ikipewa batri moja, inachoka, mtu anailazimisha, na mota inapata joto. Ile ya volti 12 ndiyo inayofaa batri ya gari au ya sola. Kinga ya kisu na swichi ya kuzimia zisiondolewe hata kidogo, maana mguu uliokatwa haurudishwi na fundi.

Kuchaji ndiko kunakosahaulika zaidi. Batri ya asidi inatoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Ichajiwe mahali penye hewa. Batri ya litiamu inataka chaja yake na kadi yake ya ulinzi, na ikivimba isiguswe tena kwa chaja. Zote mbili hazifai kuchajiwa usiku kando ya watoto waliolala.

Wengine watasema masharti haya ni ya matajiri. Sivyo. Fyuzi ya gari ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa kwa wauza vipuri. Kinachoiondoa ni haraka ya fundi na mteja anayebishana hadi faranga ya mwisho. Mteja akikataa kupokea mashine isiyo na fyuzi, fundi ataiweka.

Serikali pia ina mkono wake. INPP, iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kufundisha kazi za mikono, ingefaa iwafikie mafundi wa kando ya barabara na vijana wa kambi kwa somo fupi la siku chache. Mashirika yanayogawa vifaa vya sola yaongeze somo hilo hilo pamoja na batri wanazotoa.

Familia iliyopoteza nyumba kwa sababu ya vita isipoteze hema kwa sababu ya waya mwembamba.