Machinga Hafuati Ghorofa

Mwandishi mmoja amedai gazetini kuwa machinga wa Kariakoo ni wachafuzi wa jiji wasiolipa kodi, na kwamba dawa yao ni mgambo. Nakubaliana naye kwa jambo moja tu: njia ya waenda kwa miguu iachwe wazi. Mengine hayana mashiko.

Tuanze na kodi. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, kwa ahadi kwamba mwenye nacho hatasumbuliwa. Machinga wakalipa, wakavivaa shingoni. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani, wenye vitambulisho na wasio navyo. Hapo nani alivunja ahadi?

Mwandishi huyo pia anataka machinga wapelekwe kwenye majengo. Jengo lipo: Machinga Complex, Ilala, lililojengwa kwa mkopo wa NSSF. Kwa miaka mingi vizimba vya ghorofa za juu vilikaa vitupu huku deni likipanda. Kujua sababu hakuhitaji tume. Mama anayeshuka daladala jioni, mkoba umembana kwapani, hununua soksi za mwanawe palepale kituoni. Hapandi ngazi kuzitafuta. Machinga anaishi kwa mteja anayepita.

Kabla ya kumwaga zege jingine, jiji litenge mitaa na saa za kuuzia, lichore mistari, litoze ushuru kwa risiti. Rangi ya mistari ni nafuu kuliko ghorofa. Mgambo anaweza kuhamisha meza. Hawezi kumpa ajira aliyeiweka.