Katika Filamu Zetu Shetani Hakosi Kulipa

Nimechoka na kafara. Washa runinga jioni, kafara. Panda basi la mkoani, hamjafika Chalinze kondakta keshaweka filamu, na humo kijana aliyevaa suti anaingizwa pangoni: shuka nyekundu, mishumaa, damu ya jogoo ndani ya kibuyu, na sauti nzito inamwuliza atamtoa nani, mama, mke au mwana. Abiria wazima, watu wa swala na watu wa ibada, tumetulia tunatazama, watoto tumewapakata. Tukishuka Morogoro tunaulizana kwa nini vijana wa siku hizi hawataki kazi.

Mwanzo wake haujajificha. Mwaka 1992, huko Nigeria, ilitoka Living in Bondage, filamu ya Kiigbo ambayo Kenneth Nnebue aliiuza kwa mikanda ya video. Andy, aliyechoshwa na ufukara, anajiunga na chama cha siri, anamtoa kafara mkewe Merit, na mali inamwagika. Mikanda ikanunuliwa kama njugu, na kila mwenye kamera akaiona njia. Filamu za namna hiyo zikafika kwetu, zikafasiriwa katika vibanda vya video, nasi tukatoa za kwetu, Nsyuka, Shumileta na nyingine nyingi. Siwanyimi sifa waliothubutu. Walianza kwa vifaa vya kuungaunga, wakawafundisha Watanzania kupenda kujitazama wenyewe. Watu wenye kipaji hicho ndio ninaowalaumu, maana asiye na kipaji ningemnyamazia.

Wana jibu lao wanalolipenda: mwisho wa filamu mwovu huadhibiwa, huingia mchungaji na Biblia au shehe na kisomo, jini likaungua. Haya, hesabuni dakika. Saa nzima na nusu mmetuonyesha ghorofa, gari jipya na kitanda kilichojaa noti, kisha Mwenyezi Mungu mmemwachia dakika tano za mwisho, wakati nusu ya watazamaji wamesinzia. Na aliye macho amejifunza nini? Kwamba kafara inalipa. Bei yake kubwa, lakini inalipa! Andy alirukwa na akili baadaye. Fedha alizipata kwanza. Shetani wa filamu hachelewi kulipa na hadhulumu, wala sijaona hata mara moja mteja wake akitoka mikono mitupu. Kijana mwenye tamaa haogopi mwisho ule. Hujiambia kwamba yule alikuwa mjinga, mimi nitajua pa kukwepea. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tusidanganyane kwamba haya ni mchezo tu. Kanda ya Ziwa ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu kuna watu walioamini kwamba viungo hivyo huvuta dhahabu mgodini na samaki ziwani. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi bungeni kwa jambo hilo. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Na Usukumani vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni miaka nenda miaka rudi, wakiwapikia haohao waliokuja na panga. Sisemi filamu ndiyo iliyonoa panga. Imani hizo zina umri mkubwa kuliko kamera. Lakini tazameni nani mchawi katika filamu zetu. Ni bibi kizee, ni mjane, ni mama mkwe, macho mekundu, ungo mkononi. Kila mara ni yeye. Mmemchorea muuaji sura ya mtu wa kumwua, mkaita burudani.

Tena mmewafungulia soko matapeli. Tembeeni mjini mtazame nguzo za umeme: mganga kutoka Sumbawanga, anarudisha mpenzi, anatoa pete ya bahati, anasafisha nyota, namba ya simu chini. Mganga hajigangi! Mwenye pete ya utajiri anabandika karatasi usiku kwa gundi ya unga? Watu wa Sumbawanga ni wakulima hodari wanaolisha nchi mahindi, na mji wao umegeuzwa chapa ya ulaghai. Mkusanya ushuru anayemkimbiza mama wa vitumbua hupita chini ya nguzo hiyohiyo, haoni kitu. Hili linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Sheria si kwamba hatuna. Ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu 1976, na Bodi ya Filamu ipo. Nigeria wenyewe, walioanzisha biashara hii, mwaka 2024 bodi yao ya ukaguzi ilitangaza kuzuia filamu zinazotukuza kafara ya mali. Mwenye mradi ameanza kuona aibu, sisi tunaendelea kumwiga.

Nanyi wazazi, mtoto wa darasa la tatu anafanya nini kibandani saa tatu ya usiku, amekaa kwenye benchi kati ya wanaume wavuta sigara, akitazama mtu akinywa damu? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwiteni nyumbani, hata akinuna.

Ninyi mabingwa wa kamera, nawaomba filamu moja tu. Kijana amlipe mganga, auze shamba la baba yake, achinje mbuzi, alale makaburini usiku kucha. Kukicha asikute hata shilingi, mganga awe amehama na simu ameizima. Wote tunajua kwamba ndivyo inavyokuwa. Mbona hamjawahi kutuonyesha?