Moto wa Uani na Haki ya Jirani

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba wake wote.

Ndugu Waislamu, Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni siku ya usafi katika mitaa yetu. Tangu asubuhi nyasi hufyekwa, mitaro huzibuliwa na nyua hufagiliwa. Hilo ni jambo la kheri, kwani tohara na usafi ni katika misingi ya dini yetu. Tatizo huanza pale lundo linapotiwa kibiriti. Majani mabichi, nepi za watoto, chupa za plastiki na vipande vya godoro huungua pamoja, na moshi wake huingia nyumba za watu bila kupiga hodi. Tumeona tulizungumze jambo hili wiki hii kwa sababu kamati yetu imeletewa malalamiko yake mara tatu tangu kiangazi kianze, na mara zote mlalamikaji na mlalamikiwa ni watu wanaosali safu moja.

Tuanze na sheria za nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inamtaka anayekusudia kuchoma nyasi au vichaka nje ya mipaka ya makazi yake apate kwanza kibali. Juu ya hizo ziko sheria ndogo za halmashauri, na vijiji navyo hutunga zao, zikapita katika mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ndogo hizi hazifanani kila mahali, kwa hiyo asimtegemee mtu alichosikia kwa shemeji yake wa wilaya nyingine. Ofisi ya mtendaji wa mtaa au kijiji iko karibu. Aende akaulize kabla ya kuwasha, kwani faini haitasikiliza kwamba hakujua.

Wapo ndugu wanaosema: kiwanja ni changu, taka ni zangu, na hizo ni kanuni za serikali tu. Kauli hii haisimami katika fiqhi. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumdhuru mwenzake, iwe kwa kuanza au kwa kulipiza, na juu ya msingi huo mafakihi wamejenga milango mizima ya hukumu. Wamelijadili hata suala hili hili la moto. Mtu akiwasha moto katika milki yake kwa kiasi cha kawaida, siku iliyotulia, kisha cheche ikaruka ikaunguza shamba la jirani, hana dhamana, maana hakuvuka mpaka. Lakini akiwasha siku ya upepo mkali, au akawasha moto mkubwa kupita ada, basi kilichoungua ni juu yake kukilipa. Wanavyuoni wa Kimaliki nao walizungumzia moshi wa matanuri na mahamamu, wakauhesabu kuwa ni dhara ambayo jirani ana haki ya kuzuiliwa. Hayo waliandika karne nyingi kabla ya halmashauri zetu kuwapo. Basi mtendaji anapomzuia mtu kuchoma taka wakati kusi linavuma, hamwamrishi jambo geni kwa dini yake.

Tukumbuke pia kwamba Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kibichi ajitenge na msikiti wetu kwa ajili ya harufu yake. Ikiwa harufu ya chakula cha halali imepewa uzito huo, tuupe uzito gani moshi wa plastiki? Plastiki inapoungua kwa moto hafifu wa uani hutoa sumu, zikiwamo zile ziitwazo dioksini, na majivu yake hubaki pale pale watoto wanapocheza na kuku wanapodonoa.

Katika malalamiko yale matatu, moja lilitushughulisha zaidi. Mama mmoja ana mtoto mwenye pumu. Jirani yake ni mzee anayeishi peke yake, naye alikuwa akichoma taka kila baada ya Maghrib. Mara mbili mtoto alikimbizwa hospitali usiku. Mama alitaka mzee ashitakiwe serikali ya mtaa, na haki hiyo anayo. Kamati ilituma watu wawili wakakae na mzee kwanza. Wakakuta kwamba gari la taka haliingii katika uchochoro ule. Husimama barabara kubwa, na magoti ya mzee hayawezi kubeba gunia hadi huko. Tulimwambia kwa adabu kwamba udhuru wake ni wa kweli, lakini udhuru huo haumpi mtoto yule pumzi. Sasa vijana wawili wa madrasa hupita kuchukua gunia lake siku ya gari, na majani ya mwembe wake hutupwa katika shimo yawe mboji. Moto umezimwa. Mama na mzee bado hawajarudi kuzungumza kama zamani, na hilo linatuonyesha kwamba moshi hutoka nyumbani upesi kuliko unavyotoka moyoni. Laiti mazungumzo yale yangefanyika kabla ya safari ya kwanza ya hospitali.

Ipo mioto mingine inayotuhusu sisi Waislamu hasa. Wa kwanza ni moto wa walima. Pilau ya harusi hupikwa uani kwa kuni na masufuria makubwa, na hatuna nia ya kuiondoa furaha hiyo. Lakini mafiga yawekwe mbali na mapaa na mabanda ya makuti na mbali na turubai la wageni, ndoo za maji na mchanga ziwe tayari, na mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwaangalia watoto. Wapishi wakimaliza, makaa yamwagiwe maji mpaka yapoe. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari za nyumba ya Madina iliyoungua usiku pamoja na watu wake, aliwausia masahaba wauzime moto wanapokwenda kulala. Makaa yaliyofunikwa jivu tu huku upepo ukivuma hayajazimwa.

Wa pili ni moto wa misahafu chakavu. Kila mwaka tunaletewa juzuu zilizoliwa na mchwa na kurasa zilizochanika, na watu huuliza wazifanyeje. Wanavyuoni wametaja njia mbili: kuzizika mahali safi pasipokanyagwa, au kuzichoma ili maandishi yasidhalilike. Walioruhusu kuchoma hutoa hoja ya kitendo cha Sayyidna Uthman (r.a.), ambaye baada ya kunakiliwa misahafu aliamuru maandiko mengine yachomwe. Sisi tunawashauri walete msikitini. Hapo zitahifadhiwa na kuzikwa kwa heshima. Kinachokatazwa bila shaka ni kuzitupa katika lundo la taka likaungua pamoja na nepi, jambo ambalo hutokea kwa kutojali siku za usafi.

Kwa ndugu zetu wakulima, kusafisha shamba kwa moto kiangazi ni hatari iliyo kubwa zaidi. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka kwa siku kadhaa, na mamia ya watu walipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Moto kichaa hauhitaji zaidi ya cheche moja na upepo. Anayelazimika kuchoma, baada ya kupata kibali, awaarifu majirani, alime mkanda wa kuzuia moto kulizunguka eneo, awe na watu wa kutosha, na asiondoke mpaka jivu limepoa.

Na tusiwe watu wa kukataza tu. Kaya nyingi huchoma taka kwa sababu gari haliji ilhali ushuru unadaiwa. Hilo lisemwe katika mkutano wa mtaa, na Waislamu tuhudhurie mikutano hiyo badala ya kulalamika barazani. Wakati huo, kila nyumba inaweza kutenganisha taka: mabaki ya jikoni na majani yaende shimoni, chupa za plastiki wapewe waokotaji wanaoziuza, na kinachobaki kisubiri gari. Moto ukizuka, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Watoto wafundishwe kama wanavyofundishwa dua.

Jibril (a.s.) alimuusia Mtume wetu juu ya jirani mpaka akadhani atamrithisha. Na jirani huyo ni kila anayepakana nasi, awe Muislamu au asiwe. Kabla ya kuwasha kibiriti, tutazame upepo unaelekea kwa nani.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe amani kwa majirani zetu, na atuepushe na moto wa dunia na wa Akhera. Amin.