Boma Lisilo na Mlango wa Nyuma

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita alinijia mfanyakazi mmoja wa kiwandani, baba wa watoto watatu, akiwa na lalamiko ambalo bila shaka limekwisha kusikika katika nyumba nyingi za mjini. Kijana wake wa kwanza, mwenye umri wa miaka 17, amejifungia chumbani na kompyuta kuukuu aliyopewa na mjomba wake, na kila usiku, badala ya kulala, anapigana na maiti. "Andika, ndugu mwandishi," aliniambia, "uwaambie wazazi wenzangu kwamba michezo hii ni sumu." Nilimwahidi kuandika, lakini nikamwomba kwanza nikaone kwa macho yangu, maana anayelaani jambo asilolijua hana tofauti na hakimu anayekata shauri kabla ya kuwasikiliza mashahidi.

Basi Jumamosi moja alasiri nikafika nyumbani kwake. Kijana aliniamkia kwa adabu, akanivutia kiti, akawasha mashine yake. Mdogo wake wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, akajibanza nyuma yetu kutazama. Baba yao akasimama mlangoni, mikono kifuani, akingoja nimuunge mkono. Nilikaa pale saa tatu nzima, na niliyojifunza ndiyo ninayokuletea leo.

MSUKULE NA ZOMBI

Wazee wetu hawakuhitaji kompyuta ili kumjua maiti atembeaye. Sisi tunamwita msukule: mtu anayedaiwa kufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemchukua, amemwondolea akili, na anamlimisha shamba usiku. Ng'ambo ya bahari, huko Haiti, watumwa waliotolewa Afrika na kufanyishwa kazi katika mashamba ya miwa ya Wafaransa walikuwa na kiumbe wa namna hiyo hiyo, wakimwita zombi. Kwa mtumwa, hofu kubwa haikuwa kuliwa na zombi. Hofu yake ilikuwa kugeuzwa zombi, yaani kufanyishwa kazi hata baada ya kufa.

Mwaka 1968 Mmarekani George A. Romero alitengeneza filamu iitwayo Night of the Living Dead, na humo maiti wakageuka kuwa walaji wa watu, wanaotembea kwa makundi bila bwana wa kuwatuma. Watu saba wanakimbilia katika nyumba ya shamba huko Pennsylvania na kupigilia mbao madirishani. Kisha wanaanza kugombana. Mmoja anasema wajifungie chini, katika chumba cha ardhini chenye mlango mmoja imara. Mwingine anakataa, akisema chumba hicho ni mtego, na kwamba juu wana pa kukimbilia. Hadi filamu inakwisha hakuna anayesalia, na ugomvi wao umechangia maangamizi hayo kama maiti walioko nje.

Nimelitaja jambo hilo la zamani kwa sababu swali lile lile, wapi pajengwe boma na lijengweje, ndilo lililomkalisha kijana wetu usiku kucha.

KUTA PEKE YAKE HAZITOSHI

Mchezo anaoucheza unaitwa Project Zomboid, kazi ya kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo The Indie Stone, nao uliingia katika duka la Steam mwaka 2013. Hadithi yake iko Kentucky, Marekani, mwezi Julai mwaka 1993. Mchezaji anaanza akiwa raia wa kawaida: fundi, mpishi, au mtu asiye na kazi. Tangu mwanzo mchezo wenyewe humwarifu kwamba hii ni habari ya namna alivyokufa. Hakuna ushindi wa mwisho. Lililopo ni kuahirisha kifo. Akiumwa na zombi mara moja tu hana dawa.

Mtu asiyeujua mchezo huu atadhani kwamba usalama ni kuua zombi wengi iwezekanavyo. Kijana alitikisa kichwa. Bunduki ni silaha kali, alisema, lakini mlio wake husikika mbali, na kwa kila zombi mmoja anayeanguka huja wengine waliousikia. Dirisha lenye mwanga usiku bila pazia ni mwaliko. Katika siku za mwanzo hupita helikopta angani, na ngurumo yake huwavuta zombi kutoka kila upande kumfuata mchezaji aliko. Kwa hiyo fundi wa kunusurika ni yule anayejua kunyamaza.

Kisha kuna umeme na maji. Baada ya muda vyote hukatika, na mchezaji anatamani jenereta ili friji lisiozeshe chakula chake. Lakini jenereta hunguruma, hula petroli, na likiwekwa ndani ya nyumba moshi wake humuua mwenye nyumba kabla zombi hajafika mlangoni. Kila raha ina gharama yake ya hatari, na mchezaji hana budi kupima.

Kijana alinionyesha boma lake la wiki iliyotangulia. Alikuwa amechagua nyumba ya ghorofa moja. Kila dirisha la chini alilipigilia mbao nne ndani na nne nje, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Mlango wa nyuma aliuziba. Akabaki na mlango mmoja wa mbele, akajisifu kwamba hata panya haingii. Usiku mmoja akasahau kuzima jenereta lililokuwa uani. Kundi likaja, likakusanyika palipo na mlango pekee uliosalia, likagonga hadi mbao zikapasuka.

"Baba mdogo," kijana aliniambia, "sikuuawa na zombi. Niliuawa na mbao zangu mwenyewe. Sikuacha njia ya kutokea."

Katika boma jipya, alifunga kamba ya mashuka kwenye dirisha la juu na kuishusha hadi chini. Gharama yake ni misumari na mashuka machache tu.

Jambo la mwisho lilinishangaza zaidi. Mchezaji anayejifungia ndani daima, hata akiwa na chakula tele, huanza kuchoshwa na maisha, kisha huzuni humwelemea. Hana budi kusoma kitabu, kula chakula kitamu, au kutoka nje. Yaani watungaji wa mchezo walikiri kwamba boma linalomzuia adui linaweza pia kumdhoofisha mwenyewe aliyemo.

MIZANI YA MTUNGAJI

Upo mchezo mwingine wa namna hii ambao vijana huutaja, 7 Days to Die, wa kampuni ya The Fun Pimps ya Marekani. Ulianza kuuzwa mwaka 2013 ukiwa haujakamilika, na toleo lake la kwanza lililohesabiwa kuwa kamili lilitoka mwaka 2024. Huo una kalenda ya kutisha. Kila siku ya saba, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, mwezi huwa mwekundu na zombi humiminika moja kwa moja hadi alipo mchezaji. Kwa kipimo cha kawaida siku nzima ya mchezo ni dakika 60 za saa ya ukutani, hivyo usiku huo wa balaa hudumu robo saa, na matayarisho yake huchukua saa nyingi.

Hapo ndipo kazi ya mtungaji inapoonekana. Zombi wakiwa dhaifu mno, kuta hazina maana, na mchezaji atasinzia. Wakiwa wakali kupita kiasi, kuta pia hazina maana, kwani atajenga juma zima na kubomolewa kwa dakika moja. Hivyo mchezo huu hupandisha ukali kadiri mchezaji anavyopanda daraja na kadiri anavyoishi siku nyingi bila kufa. Aliyejenga kwa mbao hulazimika kuhamia mawe, kisha zege, kisha chuma. Tena moto wa jiko na tanuri huongeza joto la mahali. Likizidi, huja zombi wa kike apigaye ukunga na kuwaita wenziwe. Mwenye viwanda vingi nyumbani hujiletea wageni wengi.

Wachezaji wazoefu wamegundua mambo mawili. Kwanza, zombi hutafuta njia nyepesi zaidi ya kumfikia mtu. Ukizungusha ukuta mzima usio na tundu, watabomoa popote wapaonapo dhaifu, na pengine nguzo itavunjika na paa likuangukie, maana katika mchezo huo jengo lisilo na mhimili huporomoka. Bali ukiwaachia njia moja uliyoichagua wewe, watapita humo, nawe utawangoja ukiwa tayari. Pili, wengi hujenga maboma mawili: moja la kuishi, lenye ghala na kitanda, na jingine la kupigania, mbali na hilo. Hawaleti vita mlangoni pa jikoni.

TURUDI NYUMBANI

Nilipokuwa nikiyaandika hayo katika daftari langu, nilimwona yule baba pale mlangoni akiwa ameshusha mikono. Alikuwa akiyatazama madirisha ya chumba kile. Yalikuwa na nondo nene, zilizochomelewa vizuri, kama zilivyo katika nyumba nyingi za mitaa yetu. Nyumba yake ina mlango mmoja, wenye geti la chuma, na kila usiku hulifunga kwa kufuli na kulaza ufunguo chini ya mto wake. Alifanya hivyo baada ya jirani kuibiwa, na hakuna awezaye kumlaumu. Lakini ukizuka moto usiku, mkewe na watoto wake watatoka wapi? Na je, kama zamu yake ni ya usiku na ufunguo ameondoka nao?

Alimuuliza mwanawe swali moja tu: "Hapa kwetu, ungetokea wapi?" Kijana akanyamaza. Yule mdogo wa kike ndiye aliyejibu: "Hatuna pa kutokea, baba."

Ndugu msomaji, sikudhani kwamba ningetoka katika nyumba ile na somo kuhusu kufuli. Mwizi ni hatari ya kweli, na nondo ni kinga ya kweli. Lakini kinga iliyopimwa kwa hatari moja tu inaweza kuwa mlango wazi kwa hatari nyingine. Hali kadhalika jenereta la kwenye mchezo linatukumbusha jiko letu la mkaa. Wapo wanaoliingiza chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha yote. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asioamka. Jiko lenye moto, au hata makaa yanayofifia, mahali pake ni nje.

Kwa hiyo nawashauri wazazi mambo haya. Mosi, kila nyumba iwe na njia ya pili ya kutokea. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza dirisha moja la nondo lifunguke kwa ndani kwa bawaba. Pili, ufunguo wa geti uwe na nakala itundikwayo ndani, mahali panapojulikana na kila mwenyeji lakini pasipofikiwa na mkono kutoka dirishani, na watoto wajaribishwe kufungua gizani. Tatu, kuhusu michezo yenyewe, tusiifunge wala tusiiachilie ovyo. Mchezo wa 7 Days to Die umepangwa huko Marekani kwa wenye umri wa miaka 17 na kuendelea, kwa sababu ya damu na ukatili wake. Mtoto wa miaka tisa hapaswi kukaa nyuma ya kiti akitazama. Anayetaka kujenga na kujilinda anaweza kuanza na Minecraft, ambao zombi wake hutokea gizani na kuungua jua likichomoza, na mzazi akipenda anaweza kuwaondoa kabisa kwa kuchagua hali ya amani. Nne, usingizi na masomo ni sehemu ya boma. Mtoto aliyekesha akilinda nyumba ya Kentucky huenda asubuhi darasani akiwa kama msukule mwenyewe.

Na tano, ndilo kubwa kwangu, tukae nao. Yule baba alikuwa amekusudia kukata waya wa kompyuta. Kwa miezi kadhaa mwanawe alikuwa akifikiria kwa bidii namna ya kulinda nyumba, na hakuna aliyemuuliza habari za nyumba yao wenyewe.

Nilipopita tena mtaani kwao wiki iliyopita, nilikuta dirisha la chumba cha watoto limetiwa bawaba na komeo la ndani, kazi iliyosimamiwa na kijana mwenyewe. Ufunguo wa pili unaning'inia kwenye msumari ukumbini. Kompyuta imehamishiwa sebuleni, na huzimwa saa tatu usiku siku za shule. Mdogo wake naye hulala kabla haijawashwa. Kijana alilalamika kidogo, kisha akakubali. Baba naye ameanza kuuliza kama boma limeamka salama.

Tukutane Jumapili ijayo. Leo usiku, kabla hujalala, tafadhali hesabu milango ya nyumba yako.