Mambo ya Lugha: «Yake» ya Wajerumani

Mwezi huu twaandika habari ya barua iliyomliza mama mmoja wa hapa kwetu.

Mwanawe yu Ujerumani kwa masomo. Barua ilitoka kwa bibi mwenye nyumba anamokaa, nayo iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo wazee wetu waliiita Kidachi. Kijana aliyejifunza kidogo akaisoma: jirani hakuja karamuni, «weil ihr Sohn krank ist». Akamfasiria mama, «kwa kuwa mwanao ni mgonjwa». Mama hakula usiku ule. Asubuhi tukaletewa barua, tukaona ni ihr, wala si Ihr. Mgonjwa alikuwa mwana wa yule jirani! Kwa herufi kubwa neno hili ni «-ako» ya heshima. Kwa herufi ndogo ni «-ake» ya mwanamke, au «-ao». Mwanzoni mwa sentensi yote huwa na herufi kubwa, na hapo hamna budi kuyapima maneno yaliyotangulia.

Hatukumlaumu sana kijana. Sisi husema kitabu chake, wala hatuulizi kama mwenyewe ni mume au mke. Twakitazama kitabu tu. Mjerumani hutazama pande mbili. Shina la neno humfuata mwenye kitu: sein kwa mwanamume, ihr kwa mwanamke. Mwisho wa neno hukifuata kitu chenyewe: sein Vater ni babaye, seine Mutter ni mamaye, naye mwenyewe ni mwanamume pote pawili. Wanafunzi wengi hukosea papa hapa. Wakiona mama ni mwanamke, huandika ihre, na mama wa Petro akawa mama wa Maria.

Tena kwao neno hili hutangulia jina, bali Sala ya Bwana huiita Vaterunser, unser ikifuata nyuma kama tusemavyo Baba Yetu. Habari ya meinen na meinem ni ndefu, tutaileta mwezi ujao.

Waalimu na wazazi, jaribuni hili jioni. Mfuko ni Tasche, jina la kike. Mtoto mmoja aushike mfuko, wengine waseme ni wa nani: wa shangazi, kisha wa babu, kisha wa watoto wote. Jibu la kwanza na la tatu ni ihre Tasche, la pili ni seine Tasche. Mkimaliza, chukueni penseli, Bleistift, ambayo ni jina la kiume, mwanze tena.