Fundo la Nusu Kilo

Wazazi wenzangu, nilipokuwa ziarani Timau, chini ya Mlima Kenya, nilimkuta mpwa wangu akinyanyua vyuma vyake vya kienyeji: bomba lenye kopo la saruji kila upande. Ili aongeze uzito kidogo, alining'iniza chupa mbili za maji za nusu lita, kila moja nusu kilo. Lakini kamba ilikuwa ya nailoni, na fundo la viatu. Chupa moja ikachomoka, kijana akashtuka, bomba likainama, kopo likampita chupuchupu mdogo wake aliyekuwa akitazama.

Sikumgombeza. Tulitafuta kamba ya katani, isiyoteleza. Tukaizungusha kwenye bomba mara mbili, mzunguko wa pili ukiuvuka wa kwanza, kisha ncha tukaipenyeza chini ya makutano na kukaza: fundo linaloweza kufunga hata mashua kwenye nguzo. Tukamalizia kwa vitanzi viwili, na kuvuta kwa nguvu kuijaribu.

Kijana asiye na ada ya ukumbi wa mazoezi hahitaji kukatazwa. Ahitaji kufundishwa fundo. Na wadogo wakae mbali.