Si Kila Jino Bovu Ni la Kung'olewa

Mtu akiumwa na jino, kitenzi kinachotujia ulimini ni kimoja tu: kung'oa. Kitenzi hicho kimetugharimu magego mengi ambayo yangaliweza kuokolewa.

Yafaa ieleweke kwamba ndani ya jino mna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu, nacho huteremka hadi mizizini. Uozo ukikifikia, huvimba, na hatimaye hufa. Ndiyo maana maumivu yanapokoma ghafla, hiyo si lazima iwe dalili ya kupona. Usaha waweza kuwa unajikusanya chini kwa chini.

Katika tiba ya mzizi, daktari hudunga sindano ya ganzi, hutoboa jino, huondoa kiini, husafisha mifereji ya mizizi na kuiziba. Huenda mgonjwa akatakiwa arudi mara ya pili. Ganzi ikishakolea, aghalabu haumii. Baadaye jino huuma kidogo kwa siku chache. Gego lililotibiwa hivyo huhitaji kifuniko imara lisije likapasuka.

Hapana shaka gharama yake hupita ya kung'oa, na si kila zahanati ina vifaa. Hata hivyo, jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena. Basi walimu, wafundisheni wanafunzi swali hili kabla hawajafumbua kinywa: "Daktari, je, jino hili laweza kuokolewa?" Asiyejua kuuliza hulipa kwa jino.